Kati ya Vidonge na Sindano: Mgonjwa wa Sukari Aamue Lini?

Ugonjwa wa sukari hauji kwa kishindo. Humwingia mtu polepole, naye bado anakwenda kazini, bado analima, bado anawafundisha watoto wake. Na kwa miaka mingi vidonge viwili au vitatu kwa siku vyaonekana kumtosha. Kisha siku moja daktari asoma karatasi ya kipimo na kutamka kwamba vidonge havitoshi tena, yafaa kuanza insulini. Hapo wengi hunyamaza. Wengine huomba miezi mitatu zaidi, na baada ya mitatu huomba mitatu mingine. Wengine hawarudi hospitalini kabisa.

Je, mtu aweza kungoja mpaka lini? Nani mwenye haki ya kuamua: daktari, mgonjwa, au jamaa wanaolipa dawa? Na yule anayeikataa sindano, je, afanya kosa, au atumia uhuru wake tu? Maswali hayo yaonekana kuwa ya waganga peke yao, lakini sivyo. Yahusu ukweli, woga, fedha na upendo wa nyumbani. Ndiyo maana yastahili kuchunguzwa kwa utaratibu.

1. Jambo lenyewe lilivyo

Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kiitwacho kongosho. Mojawapo ya kazi zake ni kutoa insulini, ambayo huufungulia mwili njia ya kuitumia sukari iliyo ndani ya damu. Pasipo insulini sukari hujaa katika damu bila faida, na mwili hukonda kwa njaa katikati ya shibe.

Ugonjwa huu una aina mbili kubwa. Katika aina ya kwanza, inayowapata hasa watoto na vijana, kongosho haitoi insulini, au yatoa kidogo mno. Hapo hakuna la kuamua: mtoto huyo ahitaji insulini tangu siku ya kwanza, na kumcheleweshea ni kumwua. Aina ya pili ndiyo ya watu wengi zaidi, hasa watu wazima, nayo ndiyo iletayo swali gumu, kwa sababu vidonge hufaa kwanza, kisha kwa wengi hupungukiwa.

Vidonge vitumikavyo sana ni metformini na glibenklamidi. Metformini hulizuia ini lisimwage sukari kupita kiasi. Glibenklamidi huihimiza kongosho itoe insulini zaidi. Lakini vyote viwili vyategemea insulini ya mwili wenyewe. Glibenklamidi ni kama nahodha wa mtumbwi katika ziwa Kivu, anayewahimiza wapiga makasia kwa sauti kuu. Maadamu wana nguvu, sauti yake yafaa. Wakiisha kuchoka, hata akipaza sauti namna gani, mtumbwi hauendi. Wakati huo wanahitajiwa wapiga makasia wengine, na insulini ya sindano ndiyo hao.

Huko Uingereza, uchunguzi mkubwa ulioanza mwaka 1977 na kutangazwa mwaka 1998 uliwafuata wagonjwa wapya zaidi ya 5000 wa aina ya pili. Ulionyesha mambo mawili. La kwanza: kuishusha sukari kwa uthabiti hupunguza madhara ya macho na ya figo. La pili: nguvu ya kongosho yaendelea kupungua mwaka hata mwaka, ijapokuwa mgonjwa atibiwa. Baada ya miaka 3 karibu nusu ya wagonjwa walikuwa bado wanatoshelezwa na dawa moja. Baada ya miaka 9 walibaki karibu robo tu.

Jambo hilo la pili lina uzito kwa dhamiri. Mgonjwa anayeambiwa kwamba ahitaji insulini mara nyingi ajiona amehukumiwa: kwamba alikula ovyo, kwamba alikuwa mvivu, kwamba hakuwasikiliza waganga. Yawezekana alikosa mahali fulani, kama binadamu wote. Lakini hata mgonjwa mwaminifu kuliko wote aweza kuifikia siku hiyo, kwa kuwa ndiyo njia ya ugonjwa wenyewe. Basi anayemwambia mgonjwa, “Usipojitunza nitakupiga sindano,” amekosea mara mbili: ameifanya dawa kuwa fimbo, na kesho mgonjwa atakapoihitaji ataikimbia kama mtoto anavyoikimbia fimbo.

2. Ishara za saa hiyo

Woga husema, “Bado,” na haraka husema, “Leo hii.” Kati ya sauti hizo mbili, mwili wenyewe una ushahidi wake, nao hupimika.

Kipimo kilicho bora ni kile cha hemoglobini A1c, kinachoonyesha sukari ya wastani ya miezi 2 au 3 iliyopita. Mtu aliyejinyima chakula siku mbili kabla ya kupimwa hawezi kukidanganya. Kwa watu wazima wengi hutakiwa kisizidi asilimia 7 hivi. Mahali pasipo na kipimo hicho, sukari ya asubuhi kabla ya kula, ikipimwa mara kwa mara, yasaidia: kwa wengi hutakiwa iwe kati ya miligramu 80 na 130 kwa desilita.

Nyakati za kuanza insulini ni za namna tatu. Kuna wakati wa haraka: A1c imepita asilimia 10, au sukari imepita miligramu 300, na mgonjwa ana kiu isiyokoma, akojoa usiku kucha, akonda bila kutaka. Hapo kungoja si busara tena. Akitapika, akipumua kwa nguvu au akianza kusinzia, apelekwe hospitalini siku ileile. Kuna pia wakati wa muda: mimba, upasuaji, maambukizo makali, mara nyingi mgonjwa hupewa insulini, kisha hali ikitulia daktari aweza kumrudisha kwenye vidonge. Tena kuna wakati wa kawaida, nao ndio unaobishaniwa: dawa zamezwa kwa kipimo kamili, chakula chapangwa, miezi 3 imepita, na kipimo bado kiko juu.

Lakini katika wakati huo wa kawaida kuna swali la kutangulia: je, ni kweli kwamba dawa zamezwa? Wako wanaonunua vidonge kimoja kimoja dukani, wakameza kimoja badala ya viwili ili vifike mwisho wa mwezi. Wako wanaoviacha siku wanayojisikia vizuri. Wakiulizwa, huitika, “Ndiyo, nameza vyote,” kwa sababu waona haya kutaja ufukara wao. Uongo huo mdogo una hatari kubwa. Daktari anayedanganywa huongeza dawa juu ya dawa isiyomezwa. Na mgonjwa akilazwa, akapewa kwa uaminifu vile vyote alivyodai kumeza, sukari yake yaweza kushuka ghafula. Kifua kikuu kilichofichika nacho chaweza kuipandisha sukari, na kikohozi kisichotajwa hakitibiwi. Wahenga walisema kweli: mficha maradhi kifo humuumbua.

Yafaa pia kukumbuka kwamba katika nchi tajiri leo wagonjwa wengi hupewa kwanza dawa nyingine za sindano, zisizo insulini, ambazo hupunguza sukari na uzito pamoja. Kwa wengi wa Kongo bei yake ni kizuizi. Basi anayesikia habari zake asidhani kwamba yampasa kungoja mpaka zimfikie. Macho na figo hazingoji.

3. Vipingamizi na majibu

Kipingamizi cha kwanza: “Insulini ni dawa ya mwisho. Fulani alipigwa sindano, akafa.” Jibu: yamkini alikufa kweli, lakini yafaa kuuliza alifika hospitalini katika hali gani. Mahali ambapo insulini hutolewa tu kwa aliyekwisha kupoteza figo, mguu au fahamu, watu huiona daima kando ya kitanda cha mauti, nao huishitaki dawa kwa kazi ya ugonjwa. Ni sawa na kuwashitaki wazima-moto kwa sababu waonekana kila mara mahali nyumba inapoungua.

Historia yatoa ushuhuda ulio kinyume. Kabla ya mwaka 1922 mtoto mwenye ugonjwa wa aina ya kwanza hakuwa na tumaini. Alinyimwa chakula ili aishi miezi michache zaidi. Tarehe 11 Januari 1922, katika mji wa Toronto nchini Kanada, mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipigwa sindano ya kwanza ya insulini iliyotengenezwa na Frederick Banting na Charles Best. Ile ya kwanza haikuwa safi. James Collip akaisafisha, na tarehe 23 Januari mvulana akapigwa tena. Sukari ikashuka, nguvu zikarudi. Akaishi miaka 13 zaidi. Hivyo dawa hii ilianza kazi yake kwa kumwinua mtu aliyekuwa akifa.

Wala si kweli kwamba anayeingia katika insulini hatoki. Miongoni mwa watu weusi, Afrika na ng'ambo, waganga wameona wagonjwa wanaoanza kwa sukari ya juu sana na hali ya hatari, wakapewa insulini, kisha baada ya majuma au miezi kongosho yao ikapumzika na kupata nguvu, wakarudi kwenye vidonge kwa muda mrefu. Si wote, wala mtu asijiahidie hivyo. Lakini neno “milele” si la kutamkwa mapema.

Kipingamizi cha pili: “Nitakuwa mtumwa wa sindano.” Jibu: mtu aamkaye mara tano usiku kwa mkojo, ambaye macho yake yafifia na nyayo zake hazihisi mwiba, tayari ana bwana mkali. Uhuru hauko katika kutotegemea kitu. Hakuna mtu asiyetegemea mkate, maji na usingizi. Uhuru ni kuweza kutenda yale ambayo wajibu na upendo vyataka. Ikiwa sindano moja ya jioni yampa mwalimu macho ya kusomea madaftari ya wanafunzi wake, haijampunguzia uhuru.

Kipingamizi cha tatu: “Sala na dawa za miti zatosha.” Jibu: dawa za miti hazidharauliwi. Metformini yenyewe imetokana na utafiti wa mmea wa Ulaya uitwao galega, na daktari Jean Sterne wa Ufaransa alitangaza matumizi yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Lakini kati ya mmea na kidonge kulikuwa na kazi ndefu ya kupima: kiasi gani chaponya, kiasi gani chadhuru. Mti usiopimwa hauwezi kuchukua nafasi ya dawa iliyopimwa. Na mtoto wa aina ya kwanza akiachishwa insulini kwa ajili ya mizizi aweza kufa katika siku chache. Tena anayemwomba Mungu uzima, kisha auondoa mkono ulioletewa dawa, haijulikani aomba nini.

4. Kusita kwenye haki

Hata hivyo lingekuwa kosa kudhani kwamba kila anayesita ni mwoga au mjinga. Insulini ni dawa yenye nguvu. Ikizidi, au mtu akiipiga kisha asile, sukari hushuka chini ya miligramu 70: jasho, kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa, hata kuzimia na kufa. Katika nyumba inayokula mara moja kwa siku, au isiyojua kesho itakula nini, hofu hiyo ina msingi. Vivyo hivyo kwa mzee aishiye peke yake, asiyeona vema alama za bomba la sindano.

Tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pio XII, akiwajibu waganga, alifundisha kwamba mtu ana wajibu wa kutumia njia za kawaida za kuutunza uhai na afya, na kwamba ukawaida huo hupimwa kwa hali ya mtu, mahali, wakati na utamaduni. Mzigo mzito kupita kiasi hashurutishwi mtu. Basi haitoshi kusema kwamba insulini ni ya kawaida Brussels. Yapasa kuuliza kama ni ya kawaida katika kijiji hiki, kwa mama huyu, mwaka huu. Daktari anayeandika insulini bila kuuliza nyumbani huliwa nini na saa ngapi amefanya nusu ya kazi yake. Kwa mzee dhaifu, kipimo cha asilimia 8 chaweza kuwa busara kuliko 7, ili aepushwe na kuanguka.

Lakini yapasa pia kutofautisha mzigo wa kweli na mzigo wa kudhani. Wengi hukataa kwa sababu hawana friji. Chupa zisizofunguliwa huhitaji ubaridi, digrii 2 hadi 8, nazo zaweza kutunzwa katika kituo cha afya; lakini chupa inayotumika hudumu kama majuma 4 nje ya friji, mahali penye kivuli, mbali na jua na moto. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza kwamba insulini iliyowekwa majuma 4 katika joto la digrii 25 hadi 37, mfano wa lile la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley nchini Kenya, ilibaki na nguvu zake. Chungu cha udongo kinacholowanishwa maji husaidia kuituliza joto. Kizuizi hicho, basi, chaweza kuondolewa.

Kizuizi cha vita ni kigumu zaidi. Mwaka 2025, mapigano yalipofika Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, watu wengi walikimbia na vile tu walivyoweza kubeba. Atumiaye insulini katika nchi ya namna hiyo yampasa kuwa na akiba, na karatasi yenye jina la dawa na kipimo chake, na jamaa anayejua. Ni mzigo, lakini mgonjwa mwenye sukari ya miligramu 400 naye akimbia, tena kwa nguvu chache zaidi.

Na kizuizi cha fedha? Mathalani mama mjane auzaye ndagala sokoni Uvira. Daktari amemwambia aanze insulini; naye ana watoto watatu shuleni. Akirudi nyumbani hasemi neno. Alipa karo, ameza vidonge vyake vilevile, na kuwaambia watoto kwamba daktari amemsifu. Nani atamlaumu? Kutoa uhai wake kwa ajili ya wanawe ni jambo kubwa. Walakini jambo moja halikukaa sawa. Amewaamulia watoto bila wao. Pengine yule mkubwa angekubali kukaa mwaka mmoja na kufanya kazi. Pengine ndugu wa marehemu mumewe angesaidia. Pengine kituo cha afya kingempatia insulini ya bei nafuu. Na akipofuka baada ya miaka michache, watoto walewale wataacha shule ili wamwongoze njiani. Sadaka yake ilikuwa ya kweli, lakini siri yake imewanyima wapendwa wake nafasi ya kumpenda.

Hapa pia wenye mamlaka wana deni. Mwaka 1923 wavumbuzi wa insulini waliiuza hati yake kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, ili isiwe mali ya mtu mmoja. Ikiwa zaidi ya miaka 100 baadaye mama wa Uvira bado huchagua kati ya karo na macho yake, lawama kuu haimwangukii yeye.

5. Namna ya kuamua

Kutokana na hayo yote latokea neno moja: saa huletwa na mwili, lakini uamuzi yapasa ufanyike mbele ya macho ya wote wanaohusika. Si kosa kuogopa. Si kosa kuuliza, wala kuomba muda wenye mpaka. Kosa laanzia pale ambapo mtu ajificha: mgonjwa asimwambie daktari anachomeza, daktari asimwambie mgonjwa anachokiona, jamaa wasiambiwe lolote.

Basi yafaa mgonjwa na daktari wapatane mapema, kabla ya hofu kuwa kubwa: “Ikiwa baada ya miezi mitatu kipimo kitakuwa juu ya hapa, tutaanza.” Ahadi iliyofanywa katika utulivu humsaidia mtu siku ya woga. Yafaa mtu mmoja wa nyumbani aje kusikiliza, ajifunze dalili za sukari kushuka, na ajue kwamba vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji humrudisha mgonjwa maadamu aweza kumeza. Yafaa kuanza kidogo: mara nyingi yuniti 10 jioni, zikiongezwa polepole kwa maagizo ya daktari kadiri sukari ya asubuhi inavyoonyesha. Vidonge visiachwe kwa hiari ya mgonjwa; kwa kawaida metformini huendelea, na glibenklamidi hupunguzwa au kuondolewa na daktari. Wala mgonjwa asifunge chakula bila shauri; sheria ya kufunga haiwafungi wagonjwa.

Na ikiwa, baada ya kusema yote waziwazi, yaonekana kwamba katika nyumba hii mwaka huu insulini ingeleta hatari kuliko msaada, basi na isemwe hivyo pia, iandikwe katika karatasi ya mgonjwa, na itajwe tarehe ya kulitazama tena shauri hilo. Kungoja kwa namna hiyo ni uamuzi, nako kwaweza kutetewa mbele ya dhamiri. Kungoja kwa kunyamaza hakuna mtetezi, kwa maana hakuna aliyekuamua. Ugonjwa peke yake ndio unaoendelea na kazi yake.